Pimbi na Mitungi Iliyopinduliwa

Paukwa!

— Pakawa!

Nyie wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na wingu!

Wingu likafanya nini?

— Likatupita!

Halikutupita, tulilipisha sisi wenyewe. Kaeni vizuri niwaeleze. Anayetafuna ameze, anayesinzia asogee karibu nimfinye. Ngano ya leo haina kicheko kingi, na aliyekuja kucheka tu atanisamehe.

Hapo zamani za kale, zamani hizo wanyama walikuwa na nyumba na majirani na misiba kama sisi, palikuwa na mlima mmoja wa jiwe. Jiwe tupu, kubwa, limelala chali likitazama mbingu. Kwenye nyufa za jiwe hilo ndimo wanyama walimojenga. Chini yake, mbali, mwendo wa kutoka alfajiri hadi jua likae utosini, palikuwa na mto. Na mtoni alikaa Mamba.

Juu ya mlima huo aliishi Mama Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo wa mawe, mnene kama sungura aliyeshiba, masikio mafupi, mkia hana. Mama Pimbi alizaa watoto watatu. Wa kwanza alikwenda mtoni kuchota maji, Mamba akamchukua. Wa pili alikwenda mtoni kuchota maji, Mamba akamchukua. Wa tatu alikuwa bado mdogo, na mama yake akamwita Masazo, maana ndiye aliyesazwa.

Wanyama wa mlimani walikuwa na neno lao. Mtu akichukuliwa mtoni, waliobaki waliinua vibuyu vyao wakasema, "Mto umechukua haki yake." Kisha walipanda mlima kwenda kupika. Mama Pimbi naye alilisema neno hilo mara nyingi, kwa watoto wa wenzake. Alipochukuliwa wa kwake alifungua kinywa alitamke, sauti haikutoka.

Na walikuwa na desturi nyingine. Mtoto akitimiza miaka mitatu alivikwa kamba ya kibuyu shingoni, akapigiwa vigelegele, akaanza safari ya mtoni pamoja na wakubwa. Masazo alikuwa na miaka miwili na kitu. Watoto wa wengine wakirefuka mama zao hufurahi. Mama Pimbi kila alipomwona mwanawe amerefuka, moyo ulimshuka tumboni.

Sasa najua mtaniuliza: kwani huko mvua hainyeshi?

— Hainyeshi?

Inanyesha! Inanyesha mpaka jiwe zima linageuka mto. Maji yanateremka yakipita mlango kwa mlango, yanapiga kelele, yanakwenda zake bondeni. Na hakuna aliyechota hata kata moja. Kwa nini? Kwa sababu ya Kenge.

Kenge ndiye aliyekuwa mwenye ngoma ya mvua. Babu yake aliipiga, baba yake aliipiga, sasa anaipiga yeye. Wingu la kwanza likitanda tu, Kenge huyo, anapanda mlimani na ngoma kwapani, tumbo mbele, anaimba. Imbeni nami:

Pindueni mitungi, pindueni!
Mvua ni mgeni mkubwa, pindueni!
Akiona midomo wazi atarudi,
Pindueni mitungi, pindueni!

Basi kila nyumba ilipindua mitungi. Mdomo chini, tako juu. Walisema mvua ikiona mtungi ulioachama itadhani inaombwa, na mkubwa haombwi, atanuna arudi alikotoka. Waliipindulia mvua ya kwanza, waliipindulia ya pili, waliipindulia ya tatu, waliipindulia mvua zote mpaka masika yaishe. Jua likitoka walibeba vibuyu wakaenda mtoni.

Siku moja mawingu yakakusanyika. Kenge akaja, akapiga, akaimba. Mitungi ikapinduliwa. Mama Pimbi akaushika mtungi wake aupindue, akatazama nje. Masazo alikuwa amesimama mlangoni, amenyoosha mkono, anangoja tone la kwanza.

"Mama," akasema mtoto, "haya maji yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda mtoni, mwanangu."

"Na sisi tunakwenda mtoni kuyafuata?"

Mama Pimbi alisimama na mtungi mikononi. Kisha akaurudisha chini, mdomo juu, akausukuma hadi pale maji ya jiwe yalipopita karibu na mlango wake.

Jirani yake, Bi Kanga, alimwona. Bi Kanga alikuwa na vifaranga saba, sasa anao wanne. Akapiga kelele kutoka mlangoni kwake, "We shoga! We Mama Masazo! Umerukwa na akili? Pindua!"

"Shoga, mimi nimechoka," akasema Mama Pimbi. "Kama mvua ni ya kununa, na inune leo."

Mvua haikununa. Ilinyesha kwa nguvu, mtungi ukajaa, ukafurika. Mama Pimbi akacheka peke yake, mara ya kwanza tangu msiba. Akachota kata moja, akampa Masazo. Masazo akanywa. Akaongezwa, akanywa.

Ah! Jioni mtoto akashikwa na tumbo. Akaendesha, akatapika, akawa moto. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakusema. Siku ya tatu alilala tu macho ameyafumba, na mama yake amemkumbatia akimwambia, "Usiniache na wewe. Nakuomba, usiniache na wewe." Majirani wakajaa mlangoni. Hakuna aliyeingia.

Kenge akaja na ngoma yake. Akasema, "Mmeona? Mmeona mgeni mkubwa alivyokasirika? Vunja mtungi huo, Mama Pimbi. Mtoto akipona, mwaka huu umvike kibuyu umpeleke mtoni mwenyewe, uombe radhi."

Mama Pimbi akasema, "Akipona nitafanya chochote."

Jioni ya siku ya tatu Masazo akafumbua macho akaomba uji. Akapona.

Asubuhi yake Mama Pimbi akautoa mtungi nje auvunje kama alivyoahidi. Akamwaga kwanza yale maji. Yakatoka, yakatoka, chini kukabaki tope. Akainama. Akalitazama lile tope. Akalinusa.

Sasa hapa nataka mnisikilize, na msicheke, kwa sababu yeye hakucheka. Pimbi wana tabia yao mpaka leo. Pimbi haendi haja ovyo ovyo kama mbuzi. Pimbi wote wa ukoo mmoja wana mahali pamoja, na mahali penyewe huwa juu ya jiwe, ambapo jua linakausha upesi. Kiangazi kizima ukoo wa Mama Pimbi ulikuwa ukienda haja juu ya jiwe. Mvua ya kwanza ikaja ikaosha jiwe. Ikaosha yote. Ikayaleta yote mlangoni, ikayatia mtungini.

Mama Pimbi akakaa chini. "Mimi," akasema, "mimi mwenyewe ndiye niliyemnywesha mwanangu uchafu wa ukoo wetu. Mvua haikumkasirikia mtu."

Hakuuvunja mtungi. Aliusugua kwa mchanga, akauficha nyuma ya kuni. Kisha akaenda kwa Mzee Nungunungu, aliyekuwa mkubwa kuliko wote mlimani, na mwoga kuliko wote pia.

"Shikamoo, Mzee Nungunungu."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Mzee wangu, nina swali. Hii mitungi ilianza kupinduliwa lini?"

Mzee Nungunungu akatazama kulia, akatazama kushoto, miiba ikamsimama. "Mbona unaniuliza mambo hayo? Mimi nimeyakuta." Akasogea karibu. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Bibi yangu alipindua mitungi kwa mvua ya kwanza. Moja tu. Alisema jiwe linaoga. Lini zikawa mvua zote, mimi sijui. Na usiseme nimekwambia."

Mama Pimbi akarudi nyumbani akangoja.

Mvua ya pili ikaja. Kenge akapiga ngoma, mitungi ikapinduliwa. Mama Pimbi aliuweka wake nyuma ya mwamba, mdomo juu. Safari hii alionja yeye kwanza. Maji yalikuwa na rangi kidogo, na ladha ya vumbi. Akayamwaga kwenye mboga.

Mvua ya tatu ikaja. Kenge akapiga ngoma, mitungi ikapinduliwa. Mama Pimbi akakinga. Akaonja. Yalikuwa meupe, hayana harufu, hayana ladha ya kitu chochote. Akanywa kata nzima. Akangoja siku moja, hakuumwa. Akangoja siku mbili, hakuumwa. Siku ya tatu akamwita Bi Kanga ndani.

"Shoga, kunywa."

"Sinywi! Nina watoto wanne mimi."

"Ulikuwa nao saba. Kunywa."

Bi Kanga akanywa. Alipomaliza akaishika kata kifuani, machozi yanamdondoka. "Miaka yote hii," akasema mwishowe. "Miaka yote hii yalikuwa yanapita mlangoni kwangu."

Basi wawili hao wakaanza kazi. Kwanza Mama Pimbi aliuhamisha ukoo wake. Akawaambia shangazi na wajomba, "Kuanzia leo haja ni kule chini, upande wa machweo, ambako maji hayarudi." Walilalamika, wakamwita mwanamke wa makuu, lakini walihama. Kisha wakatafuta shimo lililokuwamo ndani ya jiwe, kubwa kama vyumba viwili, limekaa chini ya kivuli. Upande mmoja lilikuwa wazi. Wakaliziba kwa mawe na udongo wa kichuguu, wakasiliba ndani kwa mikono siku ishirini, mpaka likawa birika la kuhifadhia maji. Juu ya jiwe wakajenga ukuta mfupi wa udongo, urefu wa kiganja, umepinda kama mkono wa mtu anayekumbatia mtoto, ili maji yote yafuate njia moja hadi birikani. Na juu ya mdomo wa birika wakaweka bapa la jiwe, jani lisiingie wala mbu asitage.

Mvua zilizobaki za masika hayo zikaingia humo. Birika likajaa.

Kiangazi kilipofika, watu wakaanza kuja. Wa kwanza alikuja kwa wizi, wa pili kwa aibu, wa tatu na mtungi kichwani na watoto nyuma. Mama Pimbi hakumfukuza mtu. Aliwaambia, "Kila nyumba kata mbili asubuhi, kata moja jioni. Za kunywa na kupikia. Anayetaka kufua angoje masika." Alichonga fimbo ndefu ya kupimia. Kila asubuhi aliitumbukiza birikani, akaitoa, akatazama palipolowa, akatia alama ya mkaa. Maji yalishuka kidole kimoja kila siku. Alihesabu vidole akajua yatafika masika.

Na mtoni hakwenda mtu. Masazo alitimiza miaka mitatu, na hakuna aliyemvika kamba.

Mnafikiri Mamba alikula nini?

— Hakula!

Na Kenge, ambaye maisha yake yote alikula mabaki ya Mamba?

— Hakula!

Hakula. Tumbo likarudi ndani. Basi Kenge akapanda mlimani mara tatu.

Mara ya kwanza alikuja kwa ukali. Akapiga ngoma, akaimba pindueni, pindueni. Watu wakamtazama, wakaendelea kupanga foleni.

Mara ya pili alikuja kwa machozi. "Jamani, mto unawakumbuka. Mto unauliza, ndugu zangu wa mlimani wamekufa?" Bi Kanga akamjibu, "Uambie mto walikufa watatu wa kwangu. Unajua wenyewe walipo." Kenge akashuka.

Mara ya tatu alikuja kimya, mchana wa jua kali, saa ambayo kila mtu amejilaza kivulini. Wala hakuja peke yake.

Kesho yake asubuhi Mama Pimbi akaenda birikani kama kawaida. Masazo alikuwa mbele yake na kata mkononi. Siku hizo alikuwa ameshazoea kuteremka kwenye vidato vya mdomo wa birika na kuwachotea watu, kwa kuwa alikuwa mwepesi. Watu wamejipanga na mitungi yao. Masazo akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza.

Mama Pimbi akatumbukiza fimbo. Akaitoa. Akatazama.

Jana maji yalikuwa yameshuka hadi alama ya ishirini na mbili. Leo yalipaswa kuwa ishirini na tatu. Fimbo ilikuwa imelowa mpaka alama ya kumi na nane.

Akaifuta, akaitumbukiza tena. Kumi na nane.

Mvua haijanyesha. Hakuna aliyeleta maji. Na maji yamepanda.

"Masazo," akasema polepole, "rudi kwangu."

"Mama, watu wanangoja."

"Rudi kwangu sasa hivi."

Mtoto akarudi. Mama Pimbi akamshika mkono akamvuta nyuma ya sketi yake. Ndipo akasema kwa sauti, "Uliyemo humo ndani, toka."

Maji yakatikisika, na sauti ikapanda kutoka gizani, nzito, ya taratibu, sauti ya mtu asiye na haraka.

"Nitoke niende wapi, Mama Pimbi? Mto umebaki matope. Hapa pana kivuli, pana maji. Nimepapenda."

Alikuwa Mamba.

Mitungi ikaanguka. Watu wakarudi nyuma wote. Vifaranga wa Bi Kanga wakajificha chini ya mbawa za mama yao.

"Msikimbie," akasema Mamba. "Mtakimbilia wapi? Maji yako huku. Tukae tu kama zamani. Ninyi mchote, na mimi nipate haki yangu. Mmoja kwa mwezi. Wala siyo kama mtoni, kule nilikuwa nachukua hata watatu. Nimewapunguzia."

Mama Pimbi akauliza, "Nani aliyesema ni haki yako?"

Mamba akacheka mle ndani, maji yakagonga kuta. "Babu yangu alimwambia babu yake Kenge, piga ngoma. Mitungi ikipinduliwa, miguu itakuja mtoni. Ikaja. Ninyi wenyewe ndio mlioiita haki. Mimi sikuwafundisha neno hilo."

Watu wakatazamana. Jua lilikuwa linapanda, na jiwe limeshaanza kuwa moto chini ya nyayo.

Mwishowe Mzee Nungunungu akakohoa. "Mmoja kwa mwezi," akasema, bila kumtazama mtu. "Ni pungufu. Ukiangalia, ni pungufu kuliko tulivyozoea. Tunaweza kupiga kura. Masika yako mbali."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mama Pimbi aliviona vichwa vile vikiitikia, kimoja kimoja, vichwa vya watu aliowanywesha maji kiangazi chote.

"Aanze nani?" akauliza.

Macho, polepole, yalihama. Yalimwacha Mamba, yalimwacha Mzee Nungunungu, yakaja yakatua nyuma ya sketi ya Mama Pimbi. Birika lilikuwa lake. Wazo lilikuwa lake. Na alikuwa na mtoto mmoja tu pale, wa karibu.

Mama Pimbi akaelewa. Uchungu aliousikia saa ile ulikuwa mkubwa kuliko ule wa mtoni, kwa kuwa Mamba ni Mamba, lakini hawa walikuwa majirani zake.

Hakuwatukana. Alikwenda nyumbani kwake, akarudi na mti wake wa kuchimbia, akashuka upande wa chini wa birika, kule kwenye ukuta walioujenga kwa mikono. Bi Kanga akamfuata mbio.

"Shoga! Unafanya nini? Humo kuna maji ya siku arobaini!"

"Thelathini na nane," akasema Mama Pimbi. "Nimeyahesabu mimi."

Akapiga pigo la kwanza. Udongo ukameguka. Wengine wakapiga kelele, wakamwita mchawi, wakamwita muuaji. Akapiga pigo la pili. Jiwe moja likalegea. Ndipo Bi Kanga akawatazama watoto wake wanne, akawatazama wale watu wenye vichwa vya kuitikia, akashika naye ule mti. Pigo la tatu walilipiga pamoja.

Ukuta ukapasuka. Maji yote yakatoka kwa ngurumo moja, maji meupe, maji ya masika mazima, na katikati yake Mamba amegeuka tumbo juu, mikono inatafuta pa kushika. Jiwe halikuwa na pa kushika. Aliteleza mlima mzima, akagonga, akaviringika, akaishia chini kabisa kwenye miiba, mbali na kivuli, mbali na matope ya mto. Maji yakakauka juu ya jiwe la moto kabla watu hawajafunga vinywa.

Mamba alianza kutambaa kwenda mtoni. Jua lilikuwa utosini. Walimtazama kutoka juu, hakuna aliyeshangilia. Alitambaa, akapumzika, akatambaa, akapumzika. Mara ya tatu alipopumzika hakuinuka tena.

Na Kenge? Kenge aliitupa ngoma akakimbia. Mpaka leo ukimwona Kenge anakimbia. Hamjapata kumwona ameketi na watu.

Mnadhani walimshukuru Mama Pimbi? Hawakumshukuru. Walimnunia. Siku ya kwanza watoto walilia kiu, na kila kilio kilimfikia yeye. Hakuna aliyempa salamu. Siku ya pili midomo ikapasuka. Siku ya tatu, alfajiri, Mama Pimbi akamwacha Masazo kwa Bi Kanga, akachukua mtungi, akashuka mtoni peke yake.

Mto ulikuwa matope, na baada ya matope mchanga. Akasimama ukingoni. Miguu ikamgomea, maana hapo ndipo walipochukuliwa wanawe wawili. Akawaita majina. Kisha akaingia katikati ya mto, mahali ambapo hakuna mtu wa mlimani aliyewahi kukanyaga, akapiga magoti akachimba. Akachimba mpaka kiwiko, mkavu. Akachimba mpaka bega, unyevu. Akaendelea. Maji yakaja, kidogo kidogo, tone kwa tone, akakaa nayo mpaka mtungi ukajaa.

Kesho yake walikwenda wawili. Kesho kutwa wakaenda wote, na Mzee Nungunungu yumo, anachimba kwa kucha. Ulikuwa uchotaji wa taabu, na waliishi kwa taabu siku zote zile thelathini na tano zilizobaki. Lakini kila waliposhuka walihesabiana, na kila walipopanda hesabu ilikuwa ile ile.

Hatimaye siku moja mawingu yakatanda.

Hapakuwa na ngoma. Watu wakatoka milangoni na mitungi yao mikononi, hawajui waiweke vipi. Wakamtazama Mama Pimbi.

"Pindueni," akasema.

Wakashtuka. "Tupindue?"

"Hii ya kwanza pindueni. Jiwe linaoga."

Wakapindua. Mvua ya kwanza ikaja ikaosha jiwe, ikaenda na uchafu wake. Ya pili ikaja, wakainua mitungi, wakayaweka maji yake kwa kufulia na kumwagilia mboga. Na kabla ya mvua ya tatu walikuwa wamekwisha kuujenga upya ukuta wa birika, watu wote wa mlima kwa siku tatu, kazi iliyowachukua wanawake wawili siku ishirini. Mvua ya tatu ikanyesha alasiri, mfululizo, bila upepo. Birika likaanza kujaa.

Mama Pimbi akachota kata moja, akampa Masazo. Masazo akaishika kwa mikono miwili. Akanywa polepole, kichwa amekiinua juu, na alipokuwa anakunywa alifumba macho.

Mama yake akamtazama. Hakuna mtu wa mlima ule aliyewahi kunywa maji amefumba macho. Mtoni mtu hunywa jicho limekodolewa, anaramba mara moja anaangalia, anaramba mara moja anaangalia. Wanawe wakubwa walikunywa hivyo maisha yao yote mafupi. Huyu alifumba macho yote mawili na hakuwa na habari, maji yanamchuruzika kidevuni.

Mama Pimbi akageuka akaenda nyuma ya mwamba, akalia. Alilia mpaka mvua ikakatika, na hakuna aliyemfuata kumwambia anyamaze.

Basi, wanangu, funzo ni hili, na sitalizungusha. Maji yanayopita juu ya nyumba yako ni yako, kabla hujayafuata kwa mtu mwingine. Yaache ya kwanza yaoshe, kinga yanayofuata, funika, na pima kila siku unachotumia. Na lile mnaloliita desturi, liulizeni lilianza lini na anayeshiba kwalo ni nani. Msije mkazoea kupoteza watoto mkaita haki.

Hapo ndipo ngano yangu inapokauka. Kama mmeionja mkaiona tamu, chota na wewe ukampe wa nyumbani. Kama mmeiona chungu, imwageni, kisha mje kesho kwangu mnionyeshe mitungi yenu imekaaje.

— Tumesikia!

Nendeni mkalale.